SHANGINGI, JOTO NA VUMBI LA MPANDA

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyapata.)



Mwenzetu mmoja wa Mpanda mjini ameniandikia barua ya kurasa mbili. Swali lake kwa ufupi ni hili. Amenunua gari la kifahari la Kijerumani, limetumika huko lilikotoka lakini bado linang'aa. Kitabu chake kinasema oili imwagwe kila baada ya kilometa 15,000 au mwaka mmoja. Fundi wake wa hapo mjini anamwambia kila kilometa 3,000. Shemeji yake, ambaye ni dereva wa lori, anamwambia wote wawili ni waongo. Sasa amsikilize nani?

Najua wapo wasikilizaji ambao tayari wameshika kitufe cha redio wakitafuta stesheni yenye muziki, kwa kuwa wao wana baiskeli, na wengine hata baiskeli hawana. Nawaomba wasihame. Zamani, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wenye magari makubwa walikuwa wachache na tuliwapa jina la Wabenzi. Leo hebu simama njia panda mjini Mpanda asubuhi moja uhesabu. Zitapita namba za STK, zitapita za SM, zitapita za DFP za miradi, watapita watalii wanaokwenda hifadhi ya Katavi, na siku hizi wanapita wafanyabiashara wa mpunga na wa dhahabu waliojaliwa. Yale ya STK na SM umeyanunua wewe mwenye baiskeli, kwa kodi unayolipa kwenye sabuni na kiberiti. Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, alisema waziwazi kuwa mashangingi yanaigharimu serikali kupita kiasi. Yeye alizungumzia kuyanunua. Mimi leo nazungumzia kuyatunza, maana gari likishanunuliwa limeshanunuliwa, na likifa injini kabla ya wakati wake tutaambiwa tununue jingine.

Nimeshika usukani miaka 26, zaidi ya nusu yake huku magharibi, tangu Mpanda ikiwa wilaya ndani ya mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Wakati huo kipuri tulikisubiri kwa treni ya Tabora kupitia Kaliua, kwenye reli ile iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Landrova ya wakati ule ikikataa njiani, ulikuwa unafunga waya hapa na mpira wa ndani wa baiskeli pale, mnafika. Shangingi la leo halifungwi waya. Likikataa limekataa, na kompyuta yake inakuandikia kwenye deshibodi maneno ambayo hata aliyeyasomea hayaelewi.

Tuanze na hicho kitabu. Kitabu hakisemi uongo. Tatizo ni ukurasa tunaousoma. Karibu kila kitabu cha gari kina ratiba mbili: moja ya matumizi ya kawaida, na nyingine ya mazingira magumu. Ukitafuta maana ya mazingira magumu utakuta wameandika barabara za vumbi, joto kali, safari fupi fupi za mjini, kuvuta tela, kupakia mizigo mizito, na kwenda mwendo mdogo kwa muda mrefu. Ndugu yangu uliyeniandikia, hapo wameandika Mpanda bila kuitaja jina. Wewe umesoma ukurasa wa mtu wa Munich anayekwenda kazini kwenye lami asubuhi na kurudi jioni.

Na hao wenye magari yaliyotoka Japani nao wana shida yao. Kitabu, kama kimekuja, kimeandikwa Kijapani. Ukifungua mlango wa dereva utaona karatasi ndogo imebandikwa ubavuni, ina herufi za Kijapani na tarakimu. Watu wengi wanaiacha pale kama pambo. Karatasi ile ndiyo fundi wa Japani aliandika oili imebadilishwa lini na ibadilishwe tena lini. Tarakimu mnaweza kuzisoma. Mlinganishe na kilometa zilizo kwenye deshibodi, mtajua mambo mengi, pamoja na kama aliyewauzia alirudisha mita nyuma.

Sasa joto. Hapa nitasema jambo ambalo mafundi wengine watanipinga. Joto la hewa peke yake halidhuru injini kwa kiasi tunachodhani. Injini yenye afya ina themostati, na kazi yake ni kuhakikisha maji yanakaa kwenye nyuzi 90 hivi, uwe Ulaya kwenye theluji au uwe Mpanda mwezi wa Oktoba kabla mvua hazijaanza. Kinachopungua kwetu ni akiba. Kule rejeta inapozwa na hewa ya nyuzi 10, inabaki na nguvu za kutosha ukipanda mlima. Huku hewa yenyewe ina nyuzi 33, kiyoyozi kinafanya kazi tangu asubuhi, gari linakwenda gia ya kwanza kwenye tope au mchanga, na mbegu za nyasi zimejaa kwenye matundu ya rejeta mpaka upepo haupiti. Akiba imekwisha. Hapo kasoro ndogo ambayo Ulaya ingesubiri hadi sevisi ya mwaka ujao, hapa inakudai siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nashangazwa na ile desturi ya kung'oa themostati ati gari lisichemshe. Ilitusaidia labda kwenye malori ya zamani. Ukiing'oa kwenye gari la kisasa, injini inafanya kazi ikiwa baridi mno, mafuta hayaungui vizuri, oili inachafuka upesi, na kompyuta inaendelea kumimina petroli ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Tena desturi nyingine ni kujaza maji ya kisimani kwenye rejeta, kwa hoja kwamba kulanti ni dawa ya nchi za barafu. Ni kweli kulanti inazuia maji kuganda. Lakini pia inapandisha kiwango ambacho maji yanachemka, na inazuia kutu ndani ya injini, ambayo siku hizi sehemu zake nyingi ni za aluminiamu. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, yakikaa ndani miezi sita yanaacha ukoko kama ule wa sufuria ya kuchemshia maji ya chai.

Hapo ndipo nataka kuwapa kisa. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga, mtu ninayemfahamu na ambaye ameniruhusu nikisimulie bila jina, alikuwa na gari la aina hiyo hiyo ya kifahari. Alikuwa mtu wa kufuata kompyuta. Kompyuta ikisema sevisi, anapeleka, isiposema, hapeleki. Mwezi wa Oktoba, miaka michache iliyopita, mke wa mdogo wake alipata matatizo ya uzazi, wakaona wampeleke Tabora. Gari la haraka na la starehe lilikuwa lile. Wakaondoka saa mbili usiku. Barabara ile mnaijua, kilometa zipatazo 350, na lami imekwisha. Walipoikaribia Koga taa nyekundu ikawaka. Kitangi cha plastiki cha kulanti kilikuwa kimepasuka ufa mwembamba kama uzi. Plastiki huzeeka kwa joto, na hakuna aliyekuwa amefungua boneti kukitazama kwa muda wa mwaka mzima, maana kompyuta ilikuwa haijadai. Dereva akafanya lile ambalo wengi wangefanya kwa hofu: akamimina maji baridi kwenye injini iliyochemka. Silinda hedi ikapinda. Gari likawa limekufa hapo hapo, porini, usiku, na mgonjwa kiti cha nyuma.

Walisubiri saa nne. Aliyewaokoa ni dereva wa fuso la mpunga. Mama alilazwa juu ya magunia, wakafika Kitete alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakupona. Madaktari hawakusema kwamba ni gari lililomuua, na mimi sisemi. Nasema tu kwamba saa nne zile zilikuwepo, zikapotea kando ya barabara yenye lami nzuri.

Sasa kuhusu hiyo kompyuta. Ni chombo cha maana na sikidharau. Inahesabu kilometa, inahesabu siku, nyingine zinahesabu umewasha injini mara ngapi na imepata joto kiasi gani. Lakini vumbi haioni. Haijui kama umetoka Tabora kwenye lami au umetoka machimboni nyuma ya lori kwa mwendo wa saa mbili bila kuona mbele. Tena taa ile ya sevisi inazimwa kwa kubonyeza vitufe. Fundi asiye mwaminifu anaweza kuizima bila kumwaga hata kijiko cha oili, nawe ukatoka gereji ukishukuru.

Adui mkubwa wa injini katika mkoa wetu, kwa maoni yangu, ni hilo vumbi. Kuanzia Mei hadi mvua za Novemba, ukiacha lami tu ukashika njia za vijijini, linaingia kila mahali. Vumbi letu lina chembechembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma. Ukipita kwenye chujio la hewa lililotoboka au lililofungwa vibaya, unaingia kwenye silinda na kuisaga kama msasa. Kisha unashuka kwenye oili, na oili inausambaza kwenye kila beringi. Injini inayomaliza maisha yake hivyo hailalamiki mapema. Inaanza kula oili kidogo kidogo, inatoa moshi wa buluu asubuhi, na mwenyewe anasema ni baridi.

Chujio la hewa basi litazamwe kila unaporudi safari ya vumbi, usingoje sevisi. Likipulizwa, lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, tena kwa upepo wa kiasi. Nimeona vijana wa gereji wakipuliza kutoka nje kwa mashine ya kujazia tairi, yaani wanalisukuma vumbi lizame ndani zaidi, na karatasi inachanika bila wao kuona. Nimeona pia chujio la karatasi likifuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kama shati. Likichakaa nunua jipya.

Nirudi kwa ndugu yetu na kilometa zake. Ushauri wangu ni 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Hata gari lililoegeshwa uani lihesabiwe miezi, maana oili huzeeka ikiwa imetulia, na safari za kutoka nyumbani hadi sokoni hazichomi unyevu unaokusanyika ndani ya injini. Akiwa anatumia oili nzuri isiyotokana moja kwa moja na mafuta ghafi, ile inayoitwa sinthetiki, na safari zake nyingi ni za lami kwenda Tabora, anaweza kufika 7,500 bila wasiwasi. Zile 15,000 azisahau kabisa. Na zile 3,000 za fundi wake? Zilikuwa na sababu. Zamani mafuta yetu yalikuwa na salfa nyingi, na salfa inatengeneza tindikali ndani ya oili. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango cha salfa kisizidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo sababu hiyo imepungua. Kulikuwa pia na mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, mpaka serikali ikaanza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Fundi anayedai 3,000 leo kwa gari la lami lenye oili ya bei mbaya anamwaga fedha yako chini. Na ile oili chafu anaimwaga mtaroni, nyuma ya gereji, mvua ya Desemba inaichukua kwenda mtoni. Watu wa Sitalike wanaoishi na viboko wa mto Katuma wangependa kuulizwa kuhusu hilo.

Oili yenyewe nayo iangaliwe inanunuliwa wapi. Makopo yenye majina makubwa huokotwa, hujazwa oili iliyochujwa kwa kitambaa, na kufungwa upya vizuri kuliko yalivyotoka kiwandani. Ukimaliza oili yako, toboa kopo kabla hujalitupa. Na unene wake uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu kwa nchi za joto. Wapo wanaojaza oili nzito ya trekta kwenye injini ya kifahari wakidhani uzito ndiyo ulinzi. Njia za oili kwenye injini hizo ni nyembamba sana, na oili nzito inachelewa kufika juu wakati wa kuwasha asubuhi.

Kuna suala la gia boksi otomatiki. Wauzaji hupenda kusema oili yake ni ya maisha. Ni maisha ya nani sijui. ZF wa Ujerumani, ambao ndio hutengeneza gia boksi za magari mengi ya kifahari ya Ulaya, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe baada ya kilometa kati ya 80,000 na 120,000 au miaka minane. Gari lako limekuja na kilometa 90,000 tayari. Hesabu mwenyewe.

Mafuta ya breki ndiyo wengi wanayasahau kabisa. Yanavuta maji kutoka hewani, na masika yetu yana unyevu wa kutosha. Baada ya miaka miwili yana maji ndani yake, na kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, maji yale yanachemka, unakanyaga pedali inashuka hadi chini. Shangingi lina uzito wa tani mbili na nusu. Sitaki kueleza zaidi.

Betri nayo inakufa kwa joto upesi kuliko inavyokufa kwa baridi. Tairi zipimwe upepo asubuhi kabla ya safari, zikiwa baridi. Anayezipunguza mchana kwa sababu zimepanda anajitafutia pancha na mengine.

Mtaniuliza, na kiyoyozi? Si ni anasa? Kwa mtu wa Iringa labda. Lakini anayepita kati ya Sitalike na Kibaoni anajua ndorobo. Wanalifuata gari linalotembea, wanapenda rangi ya buluu na nyeusi, na wanauma kupitia shati. Pia ndio wanaoeneza malale. Basi vioo vinafungwa, na vioo vikifungwa bila kiyoyozi saa saba mchana, chagueni kati ya kuumwa na kuokwa. Kwa hiyo mkanda wa kiyoyozi, gesi yake na chujio lake la ndani vitazamwe kabla ya kiangazi. Chujio hilo hufichwa nyuma ya sanduku la dashibodi mbele ya abiria, na kwenye magari mengi niliyoyafungua nilikuta halijawahi kuguswa tangu bandari ya Dar es Salaam.

Mwisho niseme na wakubwa wa ofisi, kwa heshima zote. Dereva wa serikali anazijua tarehe za sevisi. Ameziandika kwenye daftari la safari, ameomba fomu, ameomba fedha. Anajibiwa kwamba kesho kuna ziara, keshokutwa kuna mgeni, juma lijalo kuna kikao. Gari linakwenda kilometa 9,000 juu ya oili ya 5,000. Siku injini inaponoki, barua ya kujieleza anaandikiwa dereva. Nimewaona wenzangu wakikatwa mishahara kwa gari ambalo walikuwa wameliombea sevisi mara tatu kwa maandishi. Mkuu wa ofisi anayetaka kujua hali ya gari lake asingoje ripoti. Asubuhi, kabla hajaingia, amwambie dereva afungue boneti, avute kijiti cha oili, atazame pamoja naye. Ni dakika mbili, na shati halichafuki.

Na ndugu yangu wa Mpanda, kile kitangi cha plastiki cha gari lako, leo jioni injini ikiwa imepoa, kipapase kwa kidole kwenye maungio yake. Ukiona alama nyeupe nyeupe kama chumvi iliyokauka, usisafiri nalo mpaka umepata kingine. Agiza sasa. Kwa basi kutoka Dar es Salaam kinafika, hata kama ni kwa kuchelewa.

Hadi juma lijalo, saa kama hii.